Nilifuata Mpira

Mume wangu, Tak Sang-gil, alicheza beki wa kati kwenye ligi ya kulipwa mpaka goti likamharibikia. Nikiwaambia wateja wa mgahawa wangu leo kwamba huyu anayesugua sufuria ndiye Tak yule, wanacheka. Na wacheke. Washambuliaji waliokutana naye hawacheki. Mmoja wa timu ya Daegu alitolewa kwa machela, mfupa umechomoza kwenye soksi. Mwingine alitema meno kwenye nyasi akayaokota mwenyewe. Na kila refa alipopeleka mkono mfukoni, Sang-gil alifungua viganja vyake viwili akasema yaleyale: "Nilifuata mpira." Aliyasema hata kwenye televisheni, uso mkavu. Mimi niko jikoni nakata figili, nasema peke yangu, mwongo mkubwa wewe.

Lakini sikuolewa nikiwa nimefumba macho. Mapaja yake kwa nyuma yalikuwa na makovu meusi, na aliyeyapanda nilimjua, maana mji wetu wote wa Masan ulimjua: Kocha Bong, aliyemlea kwenye timu ya shule. Bong alipiga kwa mpini wa beleshi. Wakifungwa, wanapigwa. Wakishinda kwa goli moja, wanapigwa kwa sababu ya lile la pili walilokosa. Alikuwa akisema tu, "Kichwa chini," nawe unakita utosi kwenye changarawe, mikono mgongoni, makalio juu, unangoja. Kijana mmoja alikojoa damu wiki nzima, na mama yake akaja kumshukuru kocha na katoni ya peasi. Huo ndio upendo wa kwetu, ukiuweza.

Kwa hiyo kabla ya harusi nilimwambia Sang-gil wazi: siku mkono wako utakapomwangukia mtoto, awe wangu au wa jirani, nafunga mzigo wangu naondoka. Akaapa.

Goti lilipomharibikia, shule ileile ikampa timu aifundishe. Sijawahi kumwona na furaha vile, hata siku aliyozaliwa binti yetu Yeon-hwa. Alikuwa akiamka anapiga mluzi. Hakuwagusa wale vijana hata kwa kidole, nao wakawa wanafungwa. Basi akaja mgahawani kwangu mwenyekiti wa wazazi, Bwana Cha, muuza matairi. Akanywa supu yangu ya nguruwe mpaka tone la mwisho, akaweka mezani fimbo iliyofungwa kitambaa chekundu. Imepigwa msasa mpaka inang'aa. Wazazi wamechanga kuinunua, akasema kwa adabu zote, mwalimu awachape watoto wao bila kuwaonea huruma, na timu ikiendelea hivi shule itatafuta mwingine. Sang-gil akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Cha alipotoka tu, nikaitia motoni chini ya sufuria. Supu ya siku ile ilikuwa tamu kweli.

Cha hakukata tamaa. Jumamosi akamleta Bong mwenyewe mazoezini.

Nilikuwepo, nimewapelekea vijana wali wa kuviringisha kwa mwani. Mzee kashuka garini, kofia nyeupe, kila mtu kainama, na Sang-gil kainama kuliko wote. Bong hakuitikia. Aliuliza kwa sauti ni nani aliyemfundisha huyu kulea watoto kama mayai. Kisha akaokota reki iliyokuwa kando ya goli, akaivua mpini.

"Tak. Kichwa chini."

Jamani. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, jina lake liliwahi kuimbwa na uwanja mzima. Akaenda chini. Mwili ulitii kabla yeye hajafikiri. Mpini ukashuka juu ya makovu yaleyale, ukapanda, ukashuka, na suruali ikaanza kulowa damu. Nilitupa kapu nikamwendea yule mzee nikimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Cha akanishika mkono. Akaniambia, mama, haya ni ya mwalimu na mwanafunzi wake.

Ndipo nahodha, Gi-ryong, akapiga magoti kando ya mume wangu, akakita kichwa kwenye changarawe. Kwetu mdogo hasimami mkubwa wake akiadhibiwa. Akafuata kipa, wakafuata wengine, mpaka timu nzima ikawa vichwa chini, mikono mgongoni. Hakuna aliyewaamuru.

"Sasa ndiyo naona timu," alisema Bong. Akamsogelea Gi-ryong, akainua mpini.

Sang-gil hakusimama. Alijigeuza palepale chini, akautupa ule mguu mzima, ngwala ya chinichini, kama enzi zake. Nilisikia nyonga ya mzee ikikatika. Alianguka, akapiga yowe, na mpini ukabingirika hadi miguuni pangu.

Kwetu mwalimu ni baba. Anayemwangusha mwalimu wake hana pa kuweka uso. Lakini mkuu wa shule alimpenda Sang-gil, na Jumatatu mbele ya kamati alimfungulia mlango kabisa: changarawe ilikuwa imelowa, Kocha Bong aliteleza, aseme hivyo tu na kazi ni yake. Hata Cha alitikisa kichwa kukubali. Mimi niliyeuchukia uongo wake miaka yote, siku ile niliuombea. Sema, Baba Yeon-hwa. Sema ulifuata mpira.

Akafungua viganja, kama kwenye televisheni. Akavitazama. Akavirudisha magotini.

"Mpira haukuwepo," alisema. "Nilifuata mguu."

Wakamfukuza. Hakuna timu iliyomchukua tena, na wachezaji wenzake wa zamani wakimwona wanavuka barabara.

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele nimenuna, yeye nyuma anachechemea. Karibu na soko akauliza kwa sauti ndogo kama nitafunga mzigo wangu leo au kesho, maana aliapa na mkono umemwangukia mtu. Machozi yalinitoka, na hasira zangu zote zikaishia hapo.

"Mimi nilisema mtoto," nikamwambia. "Yule ni mzee. Twende, sufuria hazijaoshwa."