Tundu Nililolificha kwenye Fremu ya Mathias

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo kichwa changu kimekataa kuiachia, ingawa mengi ya ujana yameshanitoka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi baiskeli Temeke, kwenye kibanda cha Mzee Mshamu aliyenifundisha kazi. Siku hiyo mzee alikuwa amekwenda msibani Segerea, akaniachia kibanda. Nami nilijiona nimeshakuwa fundi kamili, sina cha kuuliza.

Akaja Kaka Mathias. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, akiishi Kiwalani na mkewe na watoto wawili. Mpole, anaongea taratibu, vidole vimejaa makovu madogo madogo ya patasi. Alikuwa amepata kazi ya kuchonga milango kwa mtu aliyekuwa anajenga Madale, na kule kuna vilima, nawe unavijua. Baiskeli yake ya zamani haikuwa na gia. Basi akanunua fremu ya mtumba, nyepesi, ya aluminiamu, akaokoteza magurudumu na gia huku na huko, akaniletea nimuungie baiskeli kamili.

Fremu ile ilikuwa ya zile ambazo nyaya za gia hazipiti nje. Zinaingia kwenye kitundu karibu na usukani, zinapita ndani ya bomba la chini, zinatokea kwenye pedeli. Ndani mlikuwa na waya wa zamani wenye kutu. Mzee Mshamu alishaniambia zaidi ya mara moja: usiuchomoe waya wa zamani kabla hujauvisha mrija mwembamba wa plastiki, ili mrija ubaki ndani na waya mpya upate njia. Nilijua. Lakini mrija haukuwepo kibandani, na nilikuwa mvivu wa kwenda kuutafuta. Nikaushika waya kwa koleo, nikauvuta. Ukatoka wote.

Waya mpya ukaingia kiasi cha shibiri moja, ukagota. Kulikuwa na mshono ndani ya bomba, na kila nikisukuma waya unajikunja. Nikaigeuza fremu juu chini. Nikapuliza uzi kwa pampu. Nikaleta sumaku ya spika mbovu, nikaipitisha juu ya bomba nikiuvuta waya kwa nje; ukafuata kidogo, ukaachia. Jua likafika utosini. Muda wote huo Mathias amekaa kwenye benchi, ananitazama. Angenikaripia ingekuwa nafuu. Ule upole wake ndio ulionitia aibu.

"Kaka, nenda kapate chakula," nikamwambia. "Ukirudi utaikuta tayari."

Alipogeuka tu, nikaazima drili kwa jirani aliyekuwa anachomelea madirisha. Nikatoboa bomba kwa chini, karibu na shingo ya fremu, tundu la kutosha kuingiza ncha ya spoku ya gurudumu. Nikausogeza waya kwa spoku, ukaupita ule mshono, ukatokea. Furaha niliyoipata, mwanangu, siwezi kukuficha. Kisha nikajaza puti ya kuzibia mabati kwenye tundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Ungepitisha macho usingeona kitu.

Mathias akarudi, akajaribu gia, zikaingia laini. Akacheka.

"Fundi, umefanyaje mpaka ukapita?"

"Ufundi tu, kaka."

Hapo ndipo mlango wa kusema ukweli ulipokuwa wazi, nami nikaufunga mwenyewe kwa maneno matatu. Akanishika mkono, akanisifu kwa watu waliokuwa karibu, akapanda, akaenda zake.

Miezi mitatu hivi ikapita. Asubuhi moja anateremka kilima cha Madale, na mfuko wa patasi mgongoni, fremu ikakatika shingoni. Akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika, na mishipa ya vidole viwili ikakatika. Nilikwenda kumwona hospitali na machungwa kwenye mfuko. Jamaa zake wamezunguka kitanda, wanasema, vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, huwezi kujua vimetoka wapi. Nami nikatikisa kichwa pamoja nao.

Wiki kadhaa baada ya hapo shemeji yake akaileta ile fremu kibandani, tuone kama kuna kinachofaa. Mzee Mshamu akaichukua, akavaa miwani, akatazama pale ilipokatika. Ufa ulikuwa umepita katikati ya tundu langu. Lilionekana nusu duara, limekaa vizuri, na puti bado imeganda pembeni. Akangoja shemeji aondoke.

"Salumu, hii nini?"

Nikainama, nikajifanya naokota spana.

"Yeye anajua?"

"Hapana, mzee."

Hakupaza sauti. Aliiweka fremu chini polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa. "Kutoboa ulikuwa ujinga," akasema, "na ujinga ningekutoa mie. Lakini ulimtazama mtu usoni akapanda. Hilo sijui nikutoeje. Nenda kamwambie."

Ilinichukua siku tisa kwenda. Nilimkuta Kiwalani, amekaa kwenye kizingiti cha mlango, bandeji zimeshatolewa, mkono umekaa upande. Nikaamkia, nikakaa chini, nikasema yote, kuanzia waya nilioung'oa mpaka rangi niliyopaka. Mkewe aliyekuwa anachambua mchele akaacha.

Mathias akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile napanda, ulijua kama pana tundu?"

"Nilijua, kaka."

"Ungeniambia tu," akasema. "Vile vilima ningekuwa nashuka kwa miguu, naikokota."

 Akamwambia mkewe anipe chai. Niliinywa, mwanangu, mpaka tone la mwisho.

Hakuchonga tena. Milango ya Madale akaimalizia mtu mwingine, na kabla mwaka haujaisha familia ikarudi Newala kulima korosho. Aliwahi kunitumia salamu mara moja. Habari ya mkono hakuitaja. Mzee Mshamu naye hakunifukuza, lakini tangu siku ile kila baiskeli niliyoimaliza aliipapasa mabomba yote kwa vidole, mbele ya mteja, ndipo airuhusu itoke. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Nilistahili.

Sasa na wewe umeanza kuunga baiskeli za mtumba, nami nakuambia nilichokipata kwa gharama ya mkono wa mwenzangu. Usiuvute waya wa zamani kabla hujauandalia njia ule mpya. Kazi ikikushinda, iweke chini, kaulize, hata kama itabidi mteja arudi kesho. Na ukiharibu, maana utaharibu, mwambie mwenyewe kabla hajapanda. Atakasirika, pengine atakutukana na kukuhama. Mwache akuhame akiwa mzima.

Mola akupe subira mikononi, mwanangu, akulinde na sifa za bure. Na siku utakayokosea, akufungue kinywa mapema, mwenye mali akiwa bado amesimama mbele yako.