Kamba Miguuni mwa Koko

Juzi kwenye harusi, hapa Baraka, nilimwona mpiga picha akifungua lenzi ya kamera yake na kufunga nyingine. Papo hapo nikasikia tena harufu ya gundi ya baba mudogo.

Nilipokuwa mtoto, baba mudogo aliiunga mwenyewe kamera yake kubwa uani, kwa gundi: lenzi aliyoitoa kule Kazimia, ngozi yenye mikunjo ya kodiani mbovu ya kanisa, na kioo cha dirisha alichokisugua kwa mchanga hadi kikawa na ukungu. Niliishuku. Vitu visivyozaliwa pamoja vingewezaje kumtazama mtu kwa wema?

Siku moja Koko, mama yake na bibi yangu, aliketi mbele ya mashine hiyo. Nikaingia chini ya kitambaa cheusi kuchungulia, nikapiga kelele.

"Koko! Mu kioo uko kichwa chini, miguu juu!"

Baba mudogo akacheka. "Mama, ni kioo tu inageuza. Picha itatoka muzuri."

Koko hakucheka. "Na kitenge yangu itaanguka wapi? Mutoto, leta kamba."

Nikamfunga kitenge kwenye vifundo vya miguu, kwa nguvu zangu zote.

Leo najua kila lenzi hupindua. Picha ingali ukutani, na wageni wakiiona ile kamba hushusha sauti na kuuliza: "Ni banani balimufunga?"