Mnara wa Kihindu wa Kanisa Letu

Ukifika Baraka kwa mtumbwi wa injini kutoka Ubwari, kitu cha kwanza utakachokiona juu ya mabati ya mji ni mnara wa kanisa letu. Cha pili ni watu wanaobishana juu yake. Haufanani na mnara mwingine wowote huku kwetu. Umevimba katikati, unapanda kwa mikunjo ya matofali kama nanasi refu, na kileleni, pale ambapo wengine huweka msalaba, una chungu cha saruji. Aliyeujenga ni baba yangu. Kwa miaka yote alisema ni mtindo wa zamani, nasi tukanyamaza, kwa sababu baba yangu hujibu swali la kwanza kwa upole na la pili kwa hasira.

Mimi ni mwalimu kule milimani, Fizi-Centre. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mama alinipigia simu akaniambia niteremke upesi: mchungaji mpya anataka kubomoa mnara pamoja na chumba kilicho chini yake, kikao ni Jumapili baada ya ibada, na baba hali chakula. Nilifika Jumamosi nikiwa na wasiwasi, nikamkuta baba akila bugali na visamaki vya ndagala, sahani ya pili. Asichofanya ni kusema tu. Mama akaniambia kwamba kwa mtu kama baba, kunyamaza na kufunga kula ni kitu kimoja.

Mchungaji mwenyewe ni kijana mpole, mwenye diploma ya Bukavu na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Alikuwa ameona kwenye simu yake picha ya hekalu la Wahindu, akatoka nje, akatazama juu, akatazama simu tena. Tangu siku hiyo hakupata usingizi.

Mchana ule nilikaa na baba uani tukimenya karanga, na kwa mara ya kwanza nilithubutu kumuuliza swali la pili. Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka kulisubiri.

Tulipokuwa wakimbizi ng'ambo ya ziwa, alikuwa akipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Kigoma kutafuta kazi ya uashi. Siku moja mzee wa Kihindu, mtunza hekalu, alimkuta akipiga lipu ukuta wa duka. Mzee alipapasa ukuta kwa kidole, kisha akamuuliza kama anaogopa kupanda juu. Mnara wa hekalu ulikuwa na ufa. Zamani, reli ilipofika ziwani, Wahindu wenye maduka ya vitambaa waliifuata, na mwanzoni walisali katika chumba cha nyuma ya duka, katikati ya majora ya kanga. Walipopata nguvu wakaagiza mafundi kutoka kwao, waliokuja kwa meli na kisha kwa gari moshi, pamoja na mlango wa mti uliochongwa maua. Mafundi hao walishakufa, na hakukuwa tena na mtu aliyejua ni tofali lipi limebeba lipi.

Baba akaja kulijua. Alikaa wiki nyingi juu ya kile kilele akitafuta, na mzee alikaa chini akimfundisha nyumba nzima kama mtoto anavyofundishwa sala. Mlangoni kuna kengele, unaipiga ili mwenye nyumba ajue umefika. Kwa baba, hiyo ilikuwa hodi tu. Kisha ukumbi wa nguzo, wenye mwanga na sauti za watu. Kisha kizingiti kirefu kinachokulazimisha kutazama miguu yako, na mlango mfupi unaokuinamisha utake usitake. Ndani yake kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, makao ya sanamu ya mungu wao, na ujia wa kukizunguka, ukikiweka daima mkono wa kuume. Mnara haukai juu ya mlango wa kuingilia. Hukaa juu ya chumba kile chenye giza.

Karanga zikanidondoka. Kengele mlangoni tunayo. Kizingiti kirefu tunacho, na mashemasi hujikwaa hapo kila Jumapili. Nyuma ya mimbari kuna chumba kisicho na dirisha, na ujia unakizunguka. Nilikuwa nimebatizwa na kuimba kwaya katika hekalu la Wahindu, iliyokosekana ni sanamu tu. Nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo. Akasema wazee walimwomba awajengee nyumba ya Mungu, naye nyumba moja tu ya namna hiyo aliijua kuanzia msingi hadi kilele. Nyingine zote alikuwa amesali ndani yake, hakuwa amezishika.

Sasa kuhusu ule ujia, niseme ukweli. Wakati wa matoleo, bamama wetu hawawezi kupeleka sadaka kwa kutembea, lazima wacheze, na mbele ya mimbari hapatoshi. Kwa hiyo huingia ujiani wakizunguka chumba chote, kikiwa mkono wao wa kuume, kwa sababu upande wa pili wamekaa wapiga ngoma. Mchungaji mpya alishauzunguka nao kwa miezi minne, na kwa kweli anacheza vizuri.

Jumapili, kikaoni, alimwita baba "papa" kwa heshima na kuzungusha ile simu mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliitazama picha sana, akauliza kama rangi ile inapatikana mjini Uvira, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu kuhusu majengo ya dini duniani. Mama alinifinya paja, nikakaa. Baba aliulizwa kama ni kweli, akakubali kwamba ni kweli.

Hapo kicheko kilikwisha. Mzee wa komisheni ya ujenzi, aliyebeba matofali yale kwa kichwa chake, alisema ameumia kwamba walifichwa, na nilimwelewa. Baba alijibu kwamba kama ni aibu, tuanze na aibu ya chumba: kule ng'ambo kilikuwa kikifagiliwa kila asubuhi, na hapa tumekifanya ghala la mifagio, ngoma iliyopasuka na viti vya miguu mitatu. Bamama walicheka kwa kuona haya.

Mchungaji hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Papa, wakati ulikuwa unajenga ile chumba, ulikuwa unamujengea nani?"

Baba alimrudishia mchungaji ile simu. Kisha akasimama.

"Ule muzee aliniambia munara iko mulima, na chumba iko pango ndani ya mulima. Mi nikakumbuka pango yetu. Wakati tulikimbia, mama yangu alishindwa kutembea. Tulimuacha mu pango kule juu ya Fizi, na maji na Biblia yake. Tulimuambia tutarudia kumuchukua. Hatukurudia. Mi sikujengea mungu ya Bahindu. Nilijenga pango yenye iko na mulango, sababu Mungu ndiye alibakia na mama."

Sisi watoto, tuliotangulizwa kuvuka ziwa, tuliambiwa nyanya alikufa kwa homa, nyumbani, kitandani. Nilimtazama mama, naye akatazama chini. Nililia pale pale mbele ya wazee, na sikujali.

Hakuna aliyeitisha kura. Yule mzee wa komisheni ndiye aliyeanza, akaingia akatoka na viti viwili, kisha bamama wakatoa mifagio, nami nikatoa ngoma. Chumba kilipokuwa kitupu na kimefagiliwa, mchungaji alizima simu yake na kumuuliza baba jina la marehemu, apate kumtaja katika sala.

Nyumbani, kila alipotajwa, aliitwa mama wa fulani tu. Baba alisema jina lake lote, polepole, na matofali ya chumba yakalirudisha kwa mwangwi. Nina miaka arobaini na moja, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.