Makongoro Anyang'anywa Mdomo

Kijijini kwao, upande wa Bunda, hakuna mkutano wa hadhara ambao mzee Makongoro hakuwahi kuuvuruga. Alilima pamba, alifuga ng'ombe, lakini kipaji chake hasa kilikuwa kuzomea. Mgombea mmoja alishawahi kushuka jukwaani katikati ya sentensi na kuiacha kofia yake kitini.

Basi diwani mpya, Dafroza, alipotangaza kwamba zahanati itajengewa uzio, na uzio utaziba njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni kunywa maji, watu walifurika mkutanoni kuangalia mama wa watu akichunwa ngozi. Njia ikizibwa, Makongoro atauzunguka mlima mzima kila siku, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Ana miaka sabini na mbili na goti bovu.

Alisimama, akakohoa kile kikohozi chake cha kutangaza vita.

"Wewe mama! Ulikuwaga unakaa Musoma mjini, Bweri huko, ng'ombe unamjua akiwa kwenye sahani..."

Watu wakaangua kicheko. Dafroza akateremka jukwaani, akakaza kanga kiunoni, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mzee, macho chini.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Baba mkwe wa nani?"

"Wangu mimi. Mume wangu Florian ni mtoto wa marehemu mzee Robert. Si mlitahiriwa pamoja?"

Ilikuwa kweli, na wazee wote pale waliijua. Mtoto wa mwanarika wako ni mwanao, na mke wake ni mkweo. Mkwe hatukanwi, hatazamwi usoni, wala hamrushiani maneno. Ukiteleza unatoa mbuzi, na wenzako wanamla huku wakikucheka. Tangu Florian aoe, hakuna aliyewahi kuukumbuka ukwe huo. Ulikumbukwa siku hiyo, saa nane mchana, mbele ya kipaza sauti.

"Marahaba," alisema Makongoro, akiangalia bati la zahanati. Akaketi. Mkutano haukumaliza hata nusu saa.

Wiki iliyofuata mkwe alikuja nyumbani na sukari, majani ya chai na sato wawili wanene. Akaingia jikoni kwa Gati, mke wa mzee, akapara samaki mwenyewe, akauliza habari za goti na za ndama aliyezaliwa juzi. Makongoro alikuwa uani. Alivumilia mpaka akashindwa, akapaza sauti kuelekea jikoni, maana mkwe huongei naye moja kwa moja.

"Mama, muulize mkwe. Hata kageti kadogo tu hakawezekani? Ng'ombe wapite mmoja mmoja."

"Mama," ilijibu sauti tamu kutoka jikoni, "mwambie baba hapana. Wajawazito hawawezi kukanyaga mavi ya ng'ombe wakienda kujifungua."

"Mwambie nusu geti!"

"Mwambie hapana. Na mwambie kichwa cha samaki nimemwekea yeye."

Ugali ukaletwa. Makongoro alikula akiwa na hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba samaki alikuwa mtamu sana.

Uzio ulisimama kabla pamba haijavunwa. Akaja Gody, kijana wa chama pinzani, pikipiki ikitoa moshi na bendera ikipepea. "Mzee, mkutano wetu ni kesho. Njoo umpasue huyu mwanamke, amekuzibia njia!"

Makongoro alifungua mdomo. Gati aliacha kupepeta, asikie.

"Mkwe wangu asisemwe hapa," alisema mzee, na mwenyewe akashangaa kujisikia.

Asubuhi akatoka na ng'ombe, akichechemea. Walipofika nyuma ya mlima, ambako hakuna nyumba wala mtu, alisimama, akakohoa, akaanza. Hotuba yote aliyoimeza siku ile mbele ya Dafroza aliimwaga: Bweri, sahani, ukoo wa mtu, hata namna anavyofunga kanga. Ilikuwa hotuba kali kuliko zote alizowahi kutoa, na ng'ombe waliendelea kula majani. Alipofika kwenye tusi lenyewe, lile alilolitunza miezi minne, alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akalisema kwa kunong'ona.