Nguo ya Bibi Harusi

Pale chuoni Bamako kila mtu alidhani Diaba Sumare na Kumba Sumare ni mtu na dada yake. Jina moja, kijiji kimoja upande wa Kayes, benchi moja. Diaba hakuwahi kuwasahihisha. Angeanzia wapi? Jina hilo babu yake alipewa na babu yake Kumba, kama ng'ombe anavyopigwa chapa.

Alhamisi ile, katika somo la haki na usawa, Kumba alizungumzia utumwa wa kurithi mpaka darasa zima likampigia makofi. Mwalimu Asetu alimpa alama za juu kuliko wote. Walipotoka nje, Kumba akamshika Diaba mkono.

"Shoga, Jumapili dada anaolewa. Bibi kasema wewe ndiye utakayemwosha miguu, na chakula utapika."

"Nitakuja na sare, kama wageni wengine."

"Heee! Mgeni wa wapi wewe? Acha kujishaua. Ni mila tu, hakuna anayekudharau."

"Na yale uliyosema darasani?"

"Yale ya darasani. Kamwambie bibi yangu, kama unaweza."

"Siji, Kumba."

Jioni mama yake Diaba akapiga simu kutoka kijijini.

"Mwanangu, mabwana zetu wameleta ujumbe. Usipokwenda, wanatufungia kisima. Si unajua mjomba wako alivyokataa kuitwa mtumwa? Mwezi wa tatu huu hakuna anayemuuzia hata chumvi."

"Mama, huku tunafundishwa kwamba..."

"Hayo mnayofundishwa yatatuchotea maji?"

Jumapili, nyumbani kwa kina Kumba pale Bamako, Diaba alichuchumaa mbele ya beseni, miguu ya bibi harusi mapajani mwake, jasho la jikoni bado limemshika mgongoni. Mwalimu Asetu, aliyealikwa na Kumba, akaingia uani amejitanda vizuri.

"Diaba! Vizuri sana kumsaidia ndugu yako."

"Ndugu?" Bibi yake Kumba alicheka hadi mabega yakatikisika. "Huyu si ndugu, mwalimu. Huyu ni wetu."

Wanawake wakacheka naye. Mwalimu alitabasamu nusu, kisha akatazama chini. Diaba alipokwenda kumwaga maji, mwalimu akamfuata hadi nyuma ya jiko.

"Sikujua kabisa," alinong'ona. "Lakini Diaba, hiki ndicho tunachosoma! Liandike jambo hili. Itakuwa tasnifu nzuri kuliko zote."

"Na jina langu litakuwepo?"

"Bila shaka."

"Basi wazazi wangu watakunywa nini, mwalimu?"

Huko uani bibi alikuwa anaita.

"Diaba we! Njoo upokee chako!"

Ilikuwa nguo aliyoivua bibi harusi, bado ina joto la mwili wake. Anayeipokea mbele ya watu amekiri yeye ni nani, na wanawe watakuwa nani. Diaba aliitazama nguo, akamtazama mwalimu wake aliyesimama mlangoni. Kisha akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

Vigelegele vikapasuka. Kumba ndiye aliyepiga cha juu zaidi, huku ameinua simu yake, anarekodi, ili kijijini wapate kuona kabla jua halijazama.