Baba, Kamto Kekundu na Miraa ya Posa

Ukiuliza hapa mjini Maua nani anafunga miraa safi, utaletwa moja kwa moja mpaka kwetu. Baba yangu, Ishmael Gitobu, hachumi na haendeshi pickup. Yeye ni kufunga tu. Anashika vijiti, anavigonga kwa goti vikae sawa, anazungusha kamba ya mgomba, halafu anamaliza na kafundo kake kamekunjwa ndani hivi. Madereva wa Nairobi wakiona hilo fundo, hawafungui kuangalia kama katikati kumefichwa takataka. Fundo ni la Ishmael, weka kwa gari, twende. Aki watu wanaliamini kuliko kitambulisho!

Sasa huyo ndiye alipasuliwa kifua.

Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, wakatoa mshipa mwingine mguuni wakaushona kwa moyo ndio damu ipate njia. Operesheni ilienda poa kabisa. Shida ilianza alipofika nyumbani. Usiinue mikono juu. Usibebe hata sufuria. Ukikohoa, kumbatia mto. Alikuwa amepewa kamto kekundu akazie kifuani, sababu mfupa wa kifua ulikuwa bado unashikana. Na miraa, sahau.

Alikaa kwa kiti cha sitting room kama mtu amepandwa hapo. Asubuhi pickup zikipita mbio zikipiga honi, nampata ametoa macho dirishani na vidole vinafunga-funga blanketi.

"Lenah, si niende tu nikae na vijana pale stage," anambembeleza mamangu.

"Ukae tu? Wewe? Basi na paka aende akae tu na maziwa."

Mlango unafungwa, na mimi naachwa hapo kama askari wa jela.

Kwa hospitali alikuwa ameskia nusu ya maneno ya daktari, so mimi ndio nilimwelezea tena, nikaongezea na yale nilikuwa nimesoma kwa simu.

"Baba, hapo kunachoma juu mwili umejua umekatwa, umetuma jeshi. Kunavimba, kunapata joto. Inaitwa inflamesheni."

"Iambie iende."

"Isiende kwanza! Huo moto kidogo ndio unaita mafundi. Kuna seli zinatoka kwa uboho, huko ndani ya mfupa, zinazunguka na damu zikitafuta mahali mshipa umechubuka ndani. Zikipata, zinapiga plasta."

Akaangalia kifua chake kama ako na wageni. "Saa hii wako kazini?"

"Saa hii."

"Na nikitafuna kidogo tu?"

"Miraa inabana mishipa na moyo unakimbia. Ni kutingisha ngazi na fundi ako juu. Halafu moto ukizidi, mafundi wanashindwa."

"Wako wengi?"

"Kwa mtu wa umri wako, na moyo umeshasumbua? Wanakuwa wachache."

Akafunika kifua na blanketi. "Basi hao wachache tuwaheshimu."

Tangu siku hiyo akikohoa anaongea na wao. "Poleni, shikilieni."

Sasa ngoja uskie. Dada yangu Joyline ni mwalimu huko Ishiara, na huko ndiko alipatana na Kithaka, mtu wa Mbeere. Wazee walikuwa wamepanga siku ya kuja kuongea posa kabla Baba agonjeke, na ikafika. Huku Meru, hiyo maneno haianzi bila ncoolo. Hiyo ni miraa ya heshima, imefungwa kwa majani ya mgomba, na upande wa kijana ndio unaleta. Baba ya msichana anaifungua, anaonja. Akionja, amekubali muongee. Akikataa, rudini na kijana wenu.

Na sisi tulipanga viti, tukapanga mukimo, tukapanga mpaka mahali pa kuweka mwavuli. Hakuna mtu hata mmoja alikumbuka mdomo wa Baba!

Wageni wakaingia. Kila mtu akaamua ni Kiswahili ndio asidanganywe na lugha ya mwenzake. Mzee Kithinji, mkubwa wa ukoo wetu, akaangalia hiyo ncoolo akacheka kwa pua.

"Watu wa muguka, hayo majani yenu ya bei rahisi. Hii mlinunua ama mliokota?"

"Tulinunua hapa kwenu, mzee," akajibu Ndambiri, anko ya Kithaka. "Kama ni mbaya, ubaya ni wenu."

Nyumba yote ikacheka. Ncoolo ikawekwa kwa magoti ya Baba, akafungua majani. Hiyo harufu ikajaa sitting room. Ndio nikamwona Mum ameshika mdomo. Nikajua, yo, tumeisha.

"Onja tuanze," Mzee Kithinji akasema.

"Siwezi, mzee. Daktari alikataza."

"Kijiti kimoja?"

"Kuna mafundi huku ndani." Baba akajigusa kifua, akaanza kuwaelezea moto, uboho, plasta, yote, vizuri kuliko mimi.

"Na Jumamosi pia wanafanya kazi?" Ndambiri akauliza.

"Hawana off."

Watu wakacheka tena, lakini Mzee Kithinji hakucheka. "Hadithi ni tamu. Lakini miraa isipoonjwa imerudishwa. Si mimi nilitunga hiyo. Ndambiri, ukifika kwenu utasema nini?"

"Nitasema walikataa. Nitasema nini ingine?"

Joyline alikuwa kwa mlango wa jikoni na thermos, na hakuweza kuingia wala kurudi. Kithaka anaangalia viatu vyake. Na Baba hapo katikati, hawezi kusimama bila kushikwa, hawezi kutoka, kila mtu anaangalia midomo yake.

Akachukua kijiti. Akamenya ganda polepole.

"Baba Joyline," Mum akasema. Hiyo tu.

Mkono ukapanda. Niliona mshipa wa shingo ukigonga. Halafu kikohozi kikamshika, kijiti kikaanguka, akarukia kamto akakakumbatia na macho amefunga. Kilikaa, hicho kikohozi. Kilipoisha jasho lilikuwa linatiririka, na ile miraa ilikuwa imemwagika yote kwa magoti, kamba imelegea.

Akaiangalia. Uso ukabadilika kabisa.

"Nani alifunga hii uchafu?"

Hakungoja ajibiwe.

"Nipeeni kamba ya mgomba."

Nikakimbia nje. Nikirudi alikuwa ameshaanza kugawanya vijiti. Goti lilikuwa na kidonda cha ule mshipa, so aligongea kwa kamto. Akazungusha, akakaza, akakunja fundo ndani. Hiyo ya kwanza akampea Mzee Kithinji.

"Mzee, umenunua yangu toka nikiwa kijana. Umewahi kufungua fundo langu kuhakikisha?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nikiona fundo lako, nimekuona."

"Basi hiyo ni miraa ya Ndambiri, na fundo ni langu. Kama nimeikataa, ningeifunga?"

Mzee Kithinji akaigeuza, akaivuta, akatafuta makosa. Hayakuwepo.

"Umefunga ukiwa umekaa hapo?"

"Nitaenda wapi? Na mimi nimefungwa, na huyu Lenah."

Mzee akachomoa kijiti, akaweka mdomoni. "Ndambiri, sogeza kiti. Tuongee."

Aki Joyline karibu amwage chai yote!

Lakini ukiwa mwenye boma huwachi wageni. Walitafuna mchana wote, na Baba hapo katikati yao na uji hauna sukari, dirisha wazi, pua inawasha.

"Mafundi wanasemaje?" akaninong'onezea.

"Wanasema asante."

"Waambie waharakishe."

Asubuhi iliyofuata pickup zikaanza honi. Nikampata kwa kile kiti chake, na kamto kekundu kamezungushwa kamba ya mgomba iliyobaki, kamekazwa, fundo limekunjwa ndani. Mum akataka kukafungua.

"Wacha," Baba akasema, macho dirishani. "Hako kako tayari kwenda. Ni mimi tu nimebaki."