Kuponi za Viwembe

Mimi ni mpeleka barua wa mji wa Wexley, Ohio, na kama kuna kazi inayomfundisha mtu kufunga mdomo, ni hii. Najua nani anaandikiwa kutoka jela na nani amejiagizia nywele za bandia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Wexley ni mimi. Kwa hiyo Lyle Kuchta alipohama, niliijua anwani yake mpya ya Arizona kabla mkewe hajaijua.

Lyle aliondoka na mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza naye mchezo wa boling kila Alhamisi. Alichukua gari, na nyuma ya gari akafunga mashua yake. Mashua, jamani, kwenda nayo jangwani! Na hiyo mashua ilitokana na mkasi wa Bernadine, mkewe. Bernadine Kuchta hakuwahi kununua sabuni kwa bei iliyobandikwa. Kila Jumapili alikuwa akinunua gazeti, anaziruka habari zote za dunia, anakwenda moja kwa moja kwenye kurasa za kuponi, vile vijikaratasi vya kupunguziwa bei dukani, na kuanza kukata. Jumatano, siku duka letu lilipokuwa likihesabu kila kuponi mara mbili, alikuwa wa kwanza mlangoni na faili lake kwapani. Alichookoa kilikwenda kwenye kopo, na kilichokuwa kwenye kopo Lyle alikiweka kwenye mashua. Haba na haba hujaza kibaba, kisha anakuja mtu anakibeba kibaba.

Usidhani alikuwa mmoja wa wale wanaojaza nyumba takataka kwa kuwa ni rahisi. Alikuwa na akili. "Kabichi haina kuponi, Glenda," aliniambia siku moja hapo kwenye sanduku lake la barua, kana kwamba ananirithisha shamba. "Vitunguu havina. Mfupa wa nguruwe hauna. Chakula chenyewe kipike kwa mikono yako. Kuponi zikununulie siagi na dawa ya meno." Alikuwa akipika haluski, ile kabichi na tambi za kukaangwa kwa siagi ambazo mama yake, Mslovakia, aliwalishia watoto saba baba yao alipoachishwa kazi mgodini. Harufu yake ilikuwa inanifikia nyumba tatu kabla ya kwake. Miaka ishirini na miwili nimeinusa na sikuwahi kuionja, maana sikuwahi kuingia ndani. Nilikuwa nikimsalimu nikiwa ndani ya gari, injini ikinguruma.

Sasa nieleze habari ya bahasha. Walikuwa wanawake sita katika majimbo sita, hawajawahi kuonana. Walipata majina yao kwenye jarida moja la akina mama wapenda kuponi, wakaanzisha kitu walichokiita treni: bahasha moja nene, imejaa kuponi, inazunguka kwa posta kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ikikufikia unachukua unazozihitaji, unaweka zako idadi ileile, unaandika jina, ulichochukua na neno moja mbili kwenye karatasi ya ndani, na baada ya siku mbili unaipeleka mbele. Kila wiki ya tano ilikuwa inarudi Wexley, na siku hiyo Bernadine alikuwa akinisubiri barazani amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani.

Kwenye ile karatasi hawakuandikiana shida zao. Hawakuwa na haja. Aliyechukua na alichochukua vilitosha. Opal wa Kentucky, mwanamke wa miaka sitini, alipoanza kuchukua kuponi za nepi, Bernadine alijua binti yake amerudi nyumbani na mtoto, na mzunguko uliofuata akamwekea kuponi za nepi peke yake. Faye wa Maine alipoacha ghafla kuchukua viwembe vya kunyolea, Bernadine alinunua kadi ya rambirambi. Na kweli mume wa Faye alikuwa amefariki.

Miezi michache baada ya Lyle kuondoka nilimkuta Bernadine barazani anachambua bahasha, na pembeni ametenga kuponi nne za viwembe.

"Bi Kuchta," nikamwambia, "hivyo viwembe unamnyolea nani? Umefuga mbuzi humo ndani?"

"We Glenda, peleka barua."

"Nauliza tu."

"Nisipovichukua watajua."

"Na wakijua? Hao watu hujawaona hata kwa picha!"

Akaziweka kuponi mapajani, akazinyoosha kwa kidole. "Ndiyo maana yake. Hapa mjini kila anayenitazama anamwona mke aliyeachwa. Hata wewe. Usinikatalie, nakuona unavyopunguza sauti ukinisalimu. Kwa hawa wenzangu bado mimi ni Bernadine. Niachie hao watano."

Nilikuwa kweli nikipunguza sauti.

Akaendelea hivyo miaka mitatu. Akiandika neno kwenye karatasi, anamtia na Lyle: Lyle anapaka mashua rangi, Lyle amekula sahani tatu. Kuponi huisha muda wake, hivyo akawa anavinunua viwembe vyenyewe ili kuponi zisipotee, maana kupoteza kuponi kulimuuma kuliko uongo. Siku moja nilipompelekea kifurushi mlangoni nikachungulia kwenye kidirisha cha chumba cha chini, kilicho usawa wa majani. Rafu nzima ilikuwa viwembe. Ungeweza kunyoa jeshi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake niliona ndefu, nikadhani atafika salama. Ndipo Aprili ile bahasha ikaja na barua pembeni. Twyla wa Tennessee alikuwa na mpwa anayeolewa Cleveland, hapahapa Ohio. Angempitia Opal, na Jumamosi ya katikati ya Mei wangefika Wexley saa sita mchana. "Hatimaye tutakula hiyo kabichi yako," aliandika. "Na mwambie Lyle tunataka kupanda mashua."

Bernadine alinisomea barua yote pale sandukuni. Sikujua kama anasoma kwa furaha au kwa hofu, nadhani hata yeye hakujua.

"Waambie ukweli," nikasema. "Waandikie leo, itafika Jumatatu. Mimi mwenyewe nitaibeba."

"Niwaambie nini? Kwamba miaka mitatu nimekuwa nikiwachukulia kuponi za mtu ambaye hayupo? Wataniondoa kwenye treni. Na wakiniondoa, Glenda, nani ataniandikia? Kampuni ya umeme?"

"Basi wapokee, useme amesafiri."

"Viatu vyake? Kiti chake? Wanawake wale wanajua nyumba yenye mume ikoje." Akanishika mkono wa shati. "Watakuja saa uliyo kwenye mtaa huu. Waambie tumekwenda ziwani, mimi na Lyle. Nifanyie hilo tu."

Nikakubali. Sikufikiri sana, nilikuwa nimechelewa.

Jumamosi ile, saa sita na robo, nikaliona gari lenye namba za Tennessee limeegeshwa mbele ya nyumba. Barazani walisimama wanawake wawili. Mmoja alikuwa mnene, mwenye kicheko, kavaa viatu vyeupe. Huyo ndiye Twyla. Opal alikuwa mwembamba, ameshika bakuli lililofunikwa karatasi ya fedha. Hakukuwa na wanaume. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

"Hujambo, dada wa posta!" Twyla akaita. "Hapa si kwa Kuchta?"

"Ndiyo, lakini hawapo," nikasema. "Wamekwenda ziwani. Mke na mume."

Twyla akanitazama, kisha akaitazama nyumba. Akavuta pumzi kwa pua, taratibu. "Na huyo anayekaanga kabichi ni nani?"

Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Mimi naongeza kabichi kwenye siagi. Yule mwanamke alijifungia, akafunga mapazia, akanipa uongo wa kusema, halafu akaingia jikoni akapika. Alikuwa amewangojea hao watu miaka kumi na moja, tangu treni ianze, angewezaje kutopika? Harufu ilikuwa imetanda mpaka barabarani. Nikahisi uso wangu unawaka, nikajifanya natafuta barua.

Twyla hakugonga tena. Alijishusha kwenye ngazi ya baraza, akakaa, akauambia mlango kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa meza.

"Bernadine. Tunajua, mama. Tunajua tangu mwaka wa kwanza."

Akausogelea mlango zaidi.

"Ulikuwa unachukua dawa ya kiungulia ya Lyle kila mzunguko, huachi hata moja. Halafu ukaacha. Mwanamume anakula siagi namna hiyo, kiungulia kiende wapi? Viwembe ukazidisha. Nikamwambia Opal, ama Lyle anamnyoa dubu, ama Lyle hayupo."

"Mimi ndiye niliyesema dubu," Opal akasema.

"Haya, yeye ndiye aliyesema dubu. Sikiliza, Bernadine. Opal ananunua gazeti la pili kila Jumapili kwa ajili yako. Mimi natembea kwa majirani naomba kurasa zao. Hivyo viwembe tunakukatia sisi, ili uwe na cha kuchukua. Hatukutaka uaibike. Sasa fungua, tumeendesha gari kwa muda wa saa tisa, na njaa inauma."

Nilipaswa kuondoka. Nilisogeza gari mpaka pembeni, nikawa napanga barua zilizokwisha kupangwa. Walikaa pale dakika arobaini. Opal alilia kidogo. Twyla alisimulia habari za harusi, za mpwa wake na gauni lililombana, akauuliza mlango maswali na akajijibu mwenyewe. Mlango haukufunguka. Mwishowe waliinuka, Opal akaliacha bakuli mkekani, na gari likaondoka.

Jumatatu nilimkuta sandukuni. Alikuwa amezeeka.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema kabla sijauliza. "Mkono kwenye kitasa, muda wote."

"Sasa kwa nini, Bi Kuchta? Si walikwishajua!"

"Uongo nilikuwa nimejiandaa nao. Na ukweli pia nilijiandaa, usiku kucha. Hilo la kukatiwa viwembe sikujiandaa nalo. Kila nikitaka kufungua, namwona Twyla anaomba kurasa kwa majirani. Ningewatazama kwa uso gani?"

"Huohuo."

"Huo umeisha," akasema, akaingia ndani.

Wiki ya tano nilikwenda na wasiwasi. Sikujua kama bahasha itakuja, na kama haitakuja sikujua nitampa nini. Asubuhi ile ikawamo kwenye mfuko, nene kama kawaida, mwandiko wa Faye juu. Furaha niliyoipata ungedhani ni yangu. Nikapiga honi nikiwa bado mbali, jambo ambalo sheria za posta hazilipendi.

"Hawakukutoa!" nikamwambia. "Si nilisema?"

Sikuwa nimesema, lakini hakubisha. Aliichana palepale kando ya barabara, hakungoja kufika barazani. Akasoma karatasi. Kila mmoja ameandika neno lake dogo: mvua, magoti, mjukuu ameota jino. Hakuna aliyetaja Wexley. Kisha akaanza kuchambua kuponi, siagi, tambi, sabuni, chakula cha paka. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akachambua tena taratibu, akitenganisha kila kipande kwa ukucha.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Viwembe. Hata kimoja."

"Si ndiyo vizuri? Sasa hakuna wa kumficha mwenzake."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Miaka mitatu, Glenda, kulikuwa na watu wananisaidia kumweka nyumbani. Sikuwajua, lakini walikuwapo. Sasa wameacha." Akazirudisha kuponi ndani ya bahasha. "Sasa ndiyo ameondoka."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata ile wiki ya mashua. Alilia amesimama, bahasha kaibana kifuani, na mimi nimekaa ndani ya gari mikono kwenye usukani. Alipomaliza akajifuta kwa aproni, akajaribu kucheka.

"Nimepika supu ya mbaazi na mfupa," akasema. "Nimezoea sufuria lile kubwa, sijui kupika kidogo. Ingia ule, Glenda. Dakika kumi tu."

Nilikuwa nimebakiza nyumba mia na arobaini. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni sababu ya kweli, lakini barua hazikuwahi kufa kwa kungoja dakika kumi. Niliogopa ile meza. Niliogopa kuketi kwenye kiti cha Lyle na kutazamwa na macho yenye njaa namna ile, halafu kesho na keshokutwa nitegemewe. Wanawake wawili walivuka majimbo matatu kwa ajili yake, na mimi nilishindwa kuzima injini.

"Siku nyingine, Bi Kuchta," nikasema, na nikajisikia nikipunguza sauti.

"Haya," akasema. "Siku nyingine."

Nikapeleka barua za nyumba iliyofuata.